Najdorf au Joka: hatua ya tano uisukume a6 au g6?

Mwaka 1958, katika mashindano ya baina ya kanda yaliyochezwa Portorož, Yugoslavia ya wakati huo, kijana wa miaka 15 aitwaye Bobby Fischer alikaa pande zote mbili za swali ambalo wachezaji wa chesi wanaulizana mpaka leo. Akiwa na kete nyeupe alikutana na Joka, ule ufunguzi wa weusi wa g6, la Bent Larsen, akalibomoa: hatua ya 22 ngome yake ilimla farasi wa h5, ukuta wa mfalme mweusi ukabomoka, na hatua ya 31 kazi ikawa imekwisha. Akiwa na kete nyeusi alicheza Najdorf, ufunguzi wa a6, dhidi ya Svetozar Gligorić, tena katika mkondo uliokuwa umewaangamiza watu watatu miaka mitatu tu kabla ya hapo, akatoka na sare yake salama.

Ungeweza kufunga mjadala hapo na kusema jibu limepatikana. Lakini mwaka 1995, katika pambano la ubingwa wa dunia jijini New York, Garry Kasparov alifanya kinyume. Mchezo wa 9 aliingia kwa a6, hatua ya Najdorf, Viswanathan Anand akampiga. Mchezo wa 11 akaiweka a6 kando, akatoa Joka, akashinda. Mchezo wa 13 akatoa Joka tena, akashinda tena, hatua 25 tu. Mtu aliyejenga nusu ya jina lake juu ya Najdorf alikimbilia kwa Joka siku aliyohitaji pointi.

Kwa hiyo usitarajie nikuambie kwamba mmoja ni bora na mwingine ni takataka. Nimecheza yote mawili kwa miaka, nimepigwa katika yote mawili, na ninachoweza kukupa ni tofauti zake jinsi unavyozihisi ukiwa umekaa mbele ya ubao na saa inakimbia.

Kabla hatujaenda mbali: naandika hatua kwa herufi zinazotumika kwenye programu nyingi za chesi. K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Herufi ndogo na namba, kama a6, ni mraba wa ubao; x ni kula, + ni cheki, na nukta tatu zinaonyesha hatua ya weusi. O-O ni mfalme kujificha upande mfupi, O-O-O ni kujificha upande mrefu.

Hatua nne za pamoja, kisha njia panda

Yote mawili ni matawi ya Ulinzi wa Sicilia, na yanaanza sawasawa: 1.e4 c5 2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3. Weusi wamebadilishana askari wa pembeni na askari wa katikati, wamefungua mstari wa c kwa ngome zao, nao weupe wamepata nafasi kubwa zaidi na kete zinazotoka haraka. Hapo ndipo unapochagua. Ukisukuma 5...a6, umeingia Najdorf, iliyobeba jina la Miguel Najdorf, mzaliwa wa Poland ambaye vita vya 1939 vilimkuta Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya chesi, akabaki Argentina. Ukisukuma 5...g6, umeingia Joka. Inasemekana jina hilo lilitokana na umbo la askari weusi kufanana na kundi la nyota liitwalo Joka.

Tofauti ya a6 na g6 inaonekana ndogo. Njia rahisi ya kuihisi ni kuangalia hatua inayofuata. Weupe wakicheza 6.Be3, wengi wetu mkono huwasha kutaka kumsumbua askofu huyo kwa 6...Ng4. Katika Najdorf hatua hiyo ni halali kabisa, na Kasparov mwenyewe aliicheza: 7.Bg5 h6 8.Bh4 g5 9.Bg3 Bg7, vita vinaendelea. Katika Joka hatua hiyohiyo ni kaburi. 7.Bb5+, na ukimziba kwa 7...Bd7, weupe wanamla farasi kwa 8.Qxg4. Askofu wako wa d7 ana mfalme nyuma yake, hawezi kumrudia malkia. Umepoteza farasi mzima na hata hujafika hatua ya kumi.

Kilichookoa Najdorf ni askari mdogo wa a6 aliyekalia mlango wa b5. Kwa maneno mengine, Najdorf inatumia hatua nzima kufunga mlango, haiendelezi kete yoyote, na inakubali kuchelewa. Joka linauacha mlango wazi ili limtoe askofu wa g7 haraka. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye biashara hiyo moja.

Joka: barabara moja, lakini ina mwinuko

Uzuri wa Joka ni kwamba unaelewa mpango wako siku ya kwanza. Askofu wa g7 anatazama mshazari mrefu mpaka b2. Ngome inakaa c8. Farasi anaruka c4 kupitia e5. Na pale weupe wanapoficha mfalme wao upande mrefu, unamtoa ngome kafara kwa farasi wa c3: ...Rxc3, bxc3, askari wa weupe wanabaki wamepandana, mfalme wao amevuliwa shati. Kafara hiyo mara nyingi haihitaji hesabu ndefu. Baada ya kuifanya mara ishirini unaijua kwa harufu.

Ubaya wake ni kwamba mpango wa weupe nao unaeleweka siku ya kwanza. Wanaita Shambulio la Yugoslavia: Be3, f3, Qd2, O-O-O, kisha h4-h5 na Bh6 ili kumwondoa yule askofu wa g7 ambaye ndiye roho ya ulinzi wako. Ukishampoteza yeye, mfalme wako anakaa kwenye nyumba isiyo na paa. Mchezaji wa kawaida tu, ambaye hajui hata nadharia, anaweza kukupiga kwa mpango huo kwa sababu hatua zake zinajipanga zenyewe.

Mfano ambao kila mpenda Joka anapaswa kuuangalia kabla ya kusaini mkataba ni mchezo wa pili wa Anatoly Karpov dhidi ya Viktor Korchnoi, Moscow, mwaka 1974. Hiyo ilikuwa fainali ya kumpata mtu wa kumkabili bingwa wa dunia, na kwa kuwa Fischer hakucheza mwaka uliofuata, ndiyo iliyomfanya Karpov bingwa. Korchnoi alikwenda na Joka. Mpaka hatua ya 15 walikuwa katika njia iliyojulikana: weupe wakamtoa askari wa h kwa 14.h5 Nxh5 ili wafungue mstari, wakamfukuza farasi kwa 15.g4. Halafu Karpov akacheza 16.Nde2, hatua ya kuchosha macho. Farasi anarudi nyuma wakati wenzake wanashambulia! Kumbe anailinda c3, yaani anaizima ile kafara ya ngome kabla haijawaka.

Wakabadilishana maaskofu kwa 17.Bh6 Bxh6 18.Qxh6, malkia mweupe akatua mlangoni kwa mfalme. Korchnoi akarundika ngome zote mbili kwenye mstari wa c. Hapo Karpov akaleta 19.Rd3. Sasa ngome ndiyo inayolinda c3, na yule farasi wa e2 amepata ruhusa ya kwenda vitani. Korchnoi akajibu 19...R4c5, na mchezo ukawa umeisha ingawa ubao haukuonyesha: 20.g5 Rxg5 21.Rd5 Rxd5 22.Nxd5 Re8 23.Nef4 Bc6, kisha 24.e5.

Hatua hiyo ya 24 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Weupe wamekwishapoteza askari wawili na bado wanasukuma wa tatu aliwe. Sababu ni malkia mweusi aliyekaa a5. Kama weupe wangekwenda moja kwa moja, 24.Nxf6+ exf6 25.Nh5 kwa tishio la kumfunga mfalme g7, malkia huyo angeteleza kwenye safu ya tano mpaka g5, akatoa cheki na kuokoa jahazi. Askari wa e5 anakaa katikati ya safu na kukata njia hiyo. Korchnoi alicheza 24...Bxd5, ikafuata 25.exf6 exf6 26.Qxh7+ Kf8 27.Qh8+, akasalimu amri. Hatua 27, na mpigwaji alikuwa mmoja wa wachezaji wakali kabisa duniani.

Ninaurudia mchezo huu kwa sababu unaeleza tabia ya Joka vizuri kuliko maelezo yoyote. Korchnoi hakucheza kijinga. Alicheza hatua za asili, akakosea moja, na moja ilitosha. Katika Joka hakuna pumzi ya kusema "basi nijipange upya". Pande zote mbili zinakimbia, na anayepoteza hatua moja anakuwa amepoteza mbio nzima. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na ...Rxc3 mezani, nikaona nicheze kwanza hatua ndogo ya kujiandaa, nifunge kila kona. Aliyekaa mbele yangu akacheza Bh6. Sikupata nafasi ya pili.

Wenye Joka lao hawakukaa kimya. Jibu linalopendwa sana ni kuziba mbio za askari wa h kwa kumweka wako h5 mara weupe wanapocheza h4, mkondo unaoitwa kwa jina la Andrew Soltis. Ndio Kasparov aliotumia katika ule mchezo wa 11. Wengine hupita njia tofauti pale weupe wanapochelewesha askofu wao: 9.O-O-O d5, askari wa katikati anatolewa kafara ili kufungua ubao kabla moto haujafika h7. Ukishajifunza majibu ya 9.Bc4, 9.O-O-O na 9.g4, umefunika sehemu kubwa ya hatari. Mikondo ya upole kama 6.Be2 au 6.g3 inahitaji uelewa tu, si kukariri.

Najdorf: vichochoro vingi

Sasa upande wa pili. Hesabu hatua ambazo weupe wanaweza kucheza kwa heshima kamili baada ya 5...a6: 6.Bg5, 6.Be3, 6.Be2, 6.Bc4, 6.h3, 6.g3, 6.f3, 6.f4, 6.a4, na hata 6.Rg1 imeingia katika mashindano makubwa. Kila moja inakuletea mchezo wa sura tofauti. Dhidi ya 6.Be2 unacheza mchezo wa mikakati tulivu. Dhidi ya 6.Bc4 unapigania mraba wa e6 usivunjwe. Dhidi ya 6.Be3 unaingia Shambulio la Kiingereza, wafalme wanajificha pande tofauti na askari wa g anapanda kama katika Joka. Na dhidi ya 6.Bg5 unaingia msituni.

Msitu huo una historia ya damu. Mwaka 1955 huko Gothenburg, Sweden, Waargentina watatu, Najdorf mwenyewe, Oscar Panno na Herman Pilnik, walipangwa siku moja dhidi ya Wasovieti watatu: Paul Keres, Efim Geller na Boris Spassky. Waargentina walikuwa wameandaa silaha ya pamoja: 6.Bg5 e6 7.f4 Be7 8.Qf3 h6 9.Bh4 g5. Wote watatu waliicheza. Baada ya 10.fxg5 Nfd7 Wasovieti wote watatu wakajibu 11.Nxe6 fxe6 12.Qh5+ Kf8 13.Bb5, na Waargentina wote watatu wakapoteza. Tazama kejeli iliyomo: a6 ilisukumwa ili askofu asifike b5, na askofu akaenda kukaa palepale b5, mdomoni mwa askari, kwa sababu weusi hawakuwa na muda wa kumla. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Lakini angalia kilichofuata. Najdorf haikufa. Miaka mitatu baadaye Fischer alikwenda Portorož na 13...Rh7, mkondo uleule, akapata sare dhidi ya Gligorić. Hiyo ndiyo tabia ya Najdorf: ukichomwa kwenye kichochoro kimoja, una vingine vinane, na hata kile kilichoungua kinaweza kukarabatiwa.

Kichochoro maarufu zaidi ni kile cha askari mwenye sumu: 6.Bg5 e6 7.f4 Qb6 8.Qd2 Qxb2. Malkia anaingia peke yake nyuma ya mistari ya adui kula askari mmoja. Fischer aliupenda kupita kiasi. Katika pambano la ubingwa la Reykjavik mwaka 1972, mchezo wa 7, aliula na kupata sare. Mchezo wa 11 akaula tena, na Spassky akacheza 14.Nb1, farasi anarudi nyumbani kwake kama mtoto aliyesahau daftari. Malkia mweusi akakosa pa kwenda, na Fischer akapata kipigo kizito cha aina ambayo hakuzoea. Siku hizi kompyuta zinasema weusi wanaweza kumla askari huyo na kuishi, na mikondo mingi imechambuliwa mpaka sare za kurudia hatua. Lakini kuishi huko kunategemea kukumbuka hatua ishirini na zaidi kwa mpangilio. Mimi siuli. Nikikutana na 6.Bg5 nacheza 6...e6 7.f4 Be7 na kuiacha ile g5 ya Waargentina ipumzike kwa amani.

Jambo ambalo wanaoanza Najdorf hawaambiwi ni kwamba nusu ya michezo yako haitakuwa mikali hata kidogo. Baada ya 6.Be2 e5 7.Nb3 Be7 8.O-O O-O hakuna anayekimbilia mfalme wa mtu. Kuna shimo la d5 ambalo askari wako hawawezi tena kulilinda, kuna askari wa d6 aliyeachwa nyuma, na kuna mchezo mzima wa kuzuia farasi mweupe asikae kwa starehe kwenye shimo hilo. Unalipwa kwa mstari wa c, kwa hatua ya ...b5, na kwa siku ile utakapofanikiwa kusukuma ...d5, kwani ikifika hiyo mara nyingi mzigo wote unatua. Ni kazi ya fundi saa. Ukiwa na damu ya moto, utakosa subira.

Kipi kinakuua: kusahau au kutokuelewa?

Watu huuliza upi una nadharia nyingi. Swali hilo linapotosha kidogo. Najdorf ina nadharia nyingi zaidi kwa upana, hilo halina ubishi. Joka lina barabara chache, lakini katika kila moja unatakiwa kwenda mbali, mara nyingine mpaka hatua ya 20, bila kuteleza. Swali la maana ni nini kinatokea siku utakaposahau, maana utasahau.

Ukisahau katika Joka kwenye Shambulio la Yugoslavia, mara nyingi umekufa. Akili nzuri haikusaidii sana, kwa sababu hatua sahihi si ile inayoonekana ya asili. Korchnoi alikuwa na akili nzuri. Ukisahau katika Najdorf, isipokuwa ndani ya 6.Bg5 na baadhi ya kona za 6.Be3, bado unaweza kufikiri. Umbo la askari linakuelekeza: linda d5, sukuma b5, weka ngome c8. Utacheza hatua ya tatu kwa ubora badala ya ya kwanza, utakaa vibaya kidogo, na mchezo utaendelea.

Kwa upande mwingine, ukikosa uelewa wa mikakati, Najdorf itakuadhibu polepole katika michezo ambayo hutajua hata ulipokosea. Joka halikudai hayo kwa kiwango hicho. Linadai ujasiri, kumbukumbu na jicho la kafara. Nimeona wachezaji wenye uzoefu wa mwaka mmoja tu wakicheza Joka kwa heshima. Wanaocheza Najdorf kwa heshima baada ya mwaka mmoja sijawaona wengi.

Malkia wakishaondoka

Hapa Joka linasingiziwa. Wengi hudhani bila malkia halina meno, na kwamba weupe wakitaka usalama wabadilishane tu malkia. Urudie ule mchezo wa 11 wa mwaka 1995. Malkia waliondoka kufikia hatua ya 20, maaskofu wa mshazari mweusi walikwishatoka kabla ya hapo, na Anand alikuwa na farasi mzuri wa kuruka d5. Lakini mstari wa c ulibaki mali ya weusi. Ngome mbili zikakaa pale zikisubiri. Anand akalegeza askari wake kwa 28.b4, kisha 30.Nb6, farasi akifukuza ngome. Kasparov akajibu 30...Rxb4+ 31.Ka3 Rxc2, na Anand akaacha. Ukimla ngome wa c2, ngome ya b4 inatoa cheki b3, inateleza na kumfunua askofu wa e6, na ngome nyeupe inaliwa. Askari wa weusi katika Joka hawana mashimo, na hilo ni deni ambalo weupe wanalilipa uzeeni.

Najdorf ya ...e5 bila malkia inategemea kabisa yule farasi wa weupe. Akikaa d5 na huna kete ya kumwondoa, utateseka saa nne. Asipokaa, uko sawa au umekaa vizuri zaidi.

Wasiokubali kuja vitani

Sehemu hii ni fupi kwa sababu haisaidii kuchagua. Wapinzani wako wengi hawatakupa wala Najdorf wala Joka. Watacheza 2.c3, au 2.Nc3 na kufunga mchezo, au watatoa askari kwa 2.d4 cxd4 3.c3, au baada ya 2...d6 watacheza 3.Bb5+. Majibu yake ni yaleyale uwe na a6 au g6 mfukoni. Ukianza Sicilia kesho, jifunze hayo kwanza kabla ya hatua ya kumi na tisa ya Joka, maana utayakuta mara nyingi zaidi.

Kama kinachokuvuta kwenye Joka ni askofu wa g7 tu, bila zile mbio, ipo njia ya kando: 2...Nc6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 g6, Joka la haraka. Hujasukuma d6, kwa hiyo ukifika kwenye ...d5 unafika kwa hatua moja, na Shambulio la Yugoslavia halina tena makali yale. Gharama yake ni 5.c4: weupe wanashika katikati kwa askari wa c4 na e4, na unabanwa kama mtu aliyekaa kiti cha katikati kwenye basi. Wengine wanaweza kuishi hivyo. Mimi nikibanwa nafanya ujinga.

Basi, uchukue upi

Kama una muda mchache wa kujifunza, unacheza zaidi michezo ya dakika tatu au kumi, na unafurahia kushinda kwa kafara kuliko unavyoumia kupoteza kwa hatua 25, chukua Joka. Katika saa fupi, weupe nao hawakumbuki, na kafara ya c3 ni rahisi kuicheza kuliko kuijibu. Ukubali tu kwamba kila utakapopanda ngazi utakutana na watu waliojifunza, na kwamba wakubwa wengi wa leo wameliacha kwa mchezo wa saa ndefu, si kwa sababu limevunjwa, bali kwa sababu linadai mengi na kukupa nafasi ndogo ya kumshangaza mpinzani aliyejiandaa na kompyuta.

Kama unacheza saa ndefu, unataka ufunguzi utakaokua nao kwa miaka kumi, na kushughulikia shimo la d5 hakukuchoshi, chukua Najdorf. Mfaransa Maxime Vachier-Lagrave amefanya hivyo karibu maisha yake yote ya chesi, na bado wapinzani wanatafuta pa kumchomea.

Kama unajijua kwamba hukariri, usichukue yoyote. Si aibu. Kuna Sicilia nyingine zisizoua haraka hivi, na kuna 1...e5.

Mimi niko upande wa Najdorf, lakini si kwa sababu za heshima. Nilipokuwa na Joka nilikuwa naogopa kila aliyecheza 6.Be3 kwa kujiamini. Nikiona mkono wake hautetemeki, nilijua amesoma, na nilianza kupoteza kabla sijapoteza. Najdorf iliniondolea hofu hiyo kwa njia ya ajabu: akicheza 6.Be3 kwa kujiamini, bado kuna ...e5, kuna ...e6, kuna ...Ng4, na yeye hajui nitachukua ipi.

Ukitaka kujipima bila kupoteza mwaka mzima, fanya hivi. Cheza michezo kumi ya Joka na kumi ya Najdorf, kila mmoja usiopungua dakika 15 kwa upande. Usihesabu ushindi. Kwa kila mchezo uliopoteza, andika namba ya hatua ambayo ulianza kukaa vibaya, na kando yake andika kama ulikosea kwa kusahau au kwa kukosa la kufanya. Ukimaliza, weka orodha mbili kando kwa kando. Ya kwangu ya Joka ilikuwa na neno "kusahau" mara saba.